Injini Isiyokohoa

Kijana wa kibandani anatupa ufunguo uliofungwa kizibo,
ili ukianguka majini uelee.
Saa mbili, euro sabini, dhamana mbali.
"Shikeni kulia. Gia ni mbele na nyuma, basi.
Hata mtoto anaweza."
Baba hamsikii. Ameshainama nyuma ya mashua,
anatafuta injini.

Sjoerd Hoekstra: miaka arobaini na mmoja
tabibu wa dizeli kwenye matishari ya mchanga.
Alilala na ngurumo chini ya godoro,
akashtuka usizini ilipopungua hata kwa nukta.
Ngurumo hiyo ndiyo iliyomla masikio.
Sasa anasikia kwa kiganja:
hukiweka juu ya friji, juu ya mlango,
juu ya bega langu ninapozungumza.

Nasukuma gia. Mashua inaondoka
kama mtu anayetoroka ibada kabla ya sadaka.
Baba anabandika kiganja sakafuni.
Anakibandika ubavuni. Ananitazama.
"Imezimika."
"Inakwenda, Baba."
"Imezimika, Wietske. Ni mkondo tu unatubeba."
Namwonyesha nyumba za Leiden zinavyorudi nyuma,
baiskeli zilizoegemea vyuma,
mwanamke dirishani anayekung'uta kitambaa cha meza
na bata wanaogombea makombo yake.
Debe tupu haliachi kuvuma, nataka kumwambia,
lakini huyu alitulisha sote
kwa madebe yaliyovuma yakiwa yamejaa.

Chini ya daraja tunainamisha vichwa.
Matofali yanatoka jasho.
Humo gizani nasikia vitu nilivyonyimwa utotoni:
tone moja,
pumzi ya baba, ina mluzi kidogo,
tumbo langu.
Kwetu tulipigiana kelele mezani
hata injini ikiwa imelala. Kunong'ona hatukujifunza.
Na hapa ndipo nilipopanga kumwambia
kuhusu chumba kule Voorschoten, cha kulelewa wazee,
dirisha lake linatazama mashariki;
fomu zimo mkobani, zimebakiza sahihi.
Nikafumba mdomo. Kimya kile
kila neno lingesikika, hata kwa asiyesikia.

Karibu na bustani ya mimea sakafu ikatetemeka.
Yeye ndiye aliyeijua kwanza.
"Sasa!" akasema. "Sasa inasema kitu!"
Betri nane kwa kumi, na mashua imeganda
katikati ya mfereji kama nyumbu.
"Zima. Chomoa ufunguo. Nishike mkanda."
Miaka sabini na tisa akalala kifudifudi,
mkono ukazama majini hadi begani,
macho yamefumbwa.
Nikaushika ule mkanda kwa mikono miwili,
jinsi yeye alivyonishika wangu
nilipokuwa na miaka sita na sitaki kukaa chini.
Boti ya watalii ikapita. Walitupiga picha.
Mmoja alipunga mkono.

Alivuta mfuko wa plastiki, kipande kwa kipande,
kisha kamba ya kiatu, kisha majani marefu
yaliyojisokota kwenye rafadha kama nywele kwenye kitana.
Akaketi. Analoa, anahema, ana miaka hamsini.
"Nipe kitu cha kupangusia."
Mkobani mlikuwa na karatasi tu.
Nikampa.

Tulirudi tumechelewa dakika ishirini na tano.
Kijana akataka nyongeza; baba akahesabu sarafu polepole,
akimfundisha kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo:
"Mgonjwa wako alikabwa koo. Mtazame kila asubuhi.
Asiyekohoa ndiye wa kuogopwa."
Kisha akaweka kiganja juu ya bega la kijana,
asubiri jibu.

Fomu nimezianika jikoni, juu ya kipasha joto.
Wino umetanda, majina yetu yameogelea.
Ukurasa wa mwisho, penye sahihi,
pana dole gumba la tope, limekaa sawasawa.
Nimeligeuza huku na huku tangu jana.
Sijui nalisomaje.