Kodi

Tarehe tano, Nkuhungu, vumbi limeziba dirisha.
Mama Yaledi anabisha hodi: kodi.
Ninazo tatu, namjibu, zipo mezani, hazijaiva.
Hacheki. Anaingia.

Mezani redio mbili zimefumuliwa matumbo,
nyaya, betri ya pikipiki,
spika ya kanisani iliyochanika,
na kodi ya kwanza, sauti tatu za umeme
zimesimama wima kama miti ya ua.
Haziendi popote.

Nilifundishwa kwamba kodi ni safari:
huondoka, hupanda, huchoka, hurudi kwao.
Mimi nataka ikae.
Ikae kama joto la Oktoba juu ya bati
mpaka usikie kilicho ndani yake kikitafunana.

Mama Yaledi anasikiliza, mkono kiunoni.
Huko Mvumi, kabla ya magoti kumgomea,
aliimba na wanawake wenzake, ngoma mapajani.
"Hawa watatu hawajuani," anasema.
"Huyo wa juu mshushe.
Umepitiliza.
Taratibu, kama unavyochomoa ziwa
mdomoni mwa mtoto aliyelala."

Nageuza kifundo.
Kati ya vibao viwili vya kinanda
pana mahali kiwanda hakikuweka kitu.
Yeye anaimba papo hapo.
Namfuata, nampita, narudi,
mara ule mtetemo, ule ubishi wa mawimbi, unatulia,
na sauti ya nne, ambayo hakuna aliyeiwasha,
inaota chini ya meza, nene,
vikombe vya rafuni vinaitikia.

"Huyo ndiye tuliyekuwa tukimngoja.
Akija hatukumtaja. Tulipunguza tu, asishtuke."

Naikumbuka spika, nasema nitaiziba kesho.
"Iache ikorome.
Ilimba ya baba ilibandikwa utando wa buibui makusudi,
chuma kipate wa kusemezana naye."

Kisha anakumbuka kilichomleta.
Elfu sabini. Ijumaa, si Jumamosi.
Nasema ndiyo, macho kwenye kifundo,
nimekiwekea alama ya kalamu
palipo na sauti yake.

Hajafika mlangoni, luku inalia, uniti zimekwisha.
Zile tatu zinazimika kwa pamoja.
Ya nne sikuisikia ikiondoka.

Uani anaanua kanga.
Bado anaishusha, kidogo,
kidogo tena.