Wasiopiga Hodi

Kila alfajiri, kabla punda wa taka hawajapita Mkomani,
nafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni,
nahesabu walioingia jana tovutini.
Arobaini na mmoja wametokea kwenye utafutaji,
sita Fesibuku, mmoja kwenye jarida la ndege.
Waliobaki, mia na kumi na wawili,
mtambo umewaandika: "moja kwa moja".

Bi Somoe, mwenye nyumba, anachungulia begani mwangu
ungo wa mchele mkononi.
"Moya kwa moya kutoka wapi?
Mwanangu, Amu haina ndia ya moya kwa moya."

Kweli. Hata kutoka hapa hadi duka la Shekuwe
unakunja kona nne na kubana ukutani mara mbili.
Mgeni huja na alama: vumbi la alikopita,
salamu za fulani, jina lililoandikwa kiganjani.
Hawa wamefika hadi ndani ukumbini
na dakani hakuna hata unyayo.

Nilijua ni kina nani, au nilidhani.
Watu siku hizi wanamuuliza yule
asiye na baraza wala ukoo,
anayejibu saa nane za usiku bila kupiga mwayo.
Ametusoma sote. Husema kwa sauti yake,
na jina la aliyemwambia hulimeza.

Nikatega.
Kwenye ukurasa wa maji ya moto, chini kabisa,
baada ya onyo la ngazi ya saba iliyomeguka,
nikapachika sentensi moja:
"Ukifika, ulizia kinu chenye ufa."
Kwingine kokote sikukitaja.
Nikachora safu mpya daftarini, nikangoja.

Wa kwanza alikuwa Kokusima, muuguzi wa Bukoba,
hata begi hajalitua: "Kinu kiko wapi?"
Kisha ndugu wawili wa Eldoreti.
Kisha mzee aliyeuliza kwa haya, kama anayeomba chumvi.
Wiki tano. Wageni thelathini na wanne,
kumi na mmoja wameulizia kinu.
Na ule ukurasa? Umefunguliwa mara mbili.
Mara zote mbili ni mimi.

Theluthi, nikamwambia Bi Somoe. Karibu theluthi
ya riziki ya nyumba hii inaletwa na mkono tusiouona,
na walionyamaza bila kuuliza, Mungu ndiye ajuaye.
"Basi mpe udalali wake," akasema,
akapeta, pumba zikaruka.

Lakini Kokusima, usiku wake wa mwisho,
akimega mkate wa mofa, alisema kile kinu
kilipasuka siku ya harusi ya bibi yake Bi Somoe,
watwangaji walipozidiwa na furaha.
Nani kakwambia?
"Huyo huyo."

Sikuandika harusi. Sikuandika bibi.
Kinu kilipigwa teke na punda wa kubeba mchanga
mwaka juzi, na mwenye punda hajalipa mpaka leo.

Nikamtazama Bi Somoe akanushe.
Akakipangusa kinu kwa ncha ya leso, polepole,
kama kitu kilichorudi kutoka safari.
Ijumaa nikamsikia ukumbini na wageni wengine:
harusi, furaha, ufa.
Bibi harusi keshapata jina, na rangi ya kisutu chake.

Ile sentensi nimeifuta. Huu mwezi wa pili.
Daftari nalo nimelifunga, maana sijui tena
ninapima maji au ninapima rangi niliyoyatia.

Jana magharibi mlango ukagongwa, kwa mkono kabisa.
Hodi. Karibu.
Kijana, miwani ina ukungu wa joto,
akainama chini ya kizingiti, akavua viatu,
akauliza kama kinu bado kipo.

Nikarudi jikoni. Kalamu sikuiona.
Kwa kipande cha makaa, pembeni mwa kalenda,
nikaandika: mmoja.