Hela Moja, Majibu Manne

Sisi wa Tabora tukisema hatuna hela
tunaitaja hii kwa jina lake:
hela ishirini, ya mwaka wa kumi na sita,
taji upande huu, shada la majani upande ule,
na chini kabisa herufi T, imeinama kidogo
kama kibarua aliyesinzia zamu ya usiku.
Iligongwa hapa hapa, vitani, mbio mbio,
shaba ya kuokoteza, mihuri ikipasuka.
Hazikutoka mbili zikawa pacha.
Na bado watu wanaitakia namba.

Mpwa wangu Nkwabi, huko kwenye baridi, aliipeleka.
Kipimo chao kinaishia sabini.
Nyumba ya kwanza: hamsini na tano.
Ikarudi imezikwa ndani ya plastiki ngumu.
Nkwabi akaifukua kwa koleo,
akaipeleka nyumba ya pili: hamsini na nane.
Tatu zile tulizipokea kama mvua ya Novemba.
Akavunja tena. Nyumba ile ile, mara ya pili:
hamsini na nane.
"Hao ndio watu," nikamwambia kwenye simu, "hawayumbi."
Akairudisha kwa wale wa kwanza, kuwakomoa tu.
Safari hii hawakutoa namba. Neno moja:
Imeoshwa.

Nikawaita wateuzi wa tumbaku.

Tusi hilo nalijua lilikozaliwa.
Ghala la chama cha msingi, Usoke,
bati linawaka saa saba, marobota kwenye mstari,
mteuzi anapita, hatazami uso wa mtu,
anachomoa jani, analinusa, anatamka daraja,
na karani ameshaandika kabla hujameza mate.
Robota la baba asubuhi lilikuwa la pili,
alasiri, wanunuzi wameshakula, likawa la nne.
Jani lile lile. Kamba ile ile ya katani.
Kilichohama ni kivuli.
Msimu uliofuata akaja mfupi mmoja, Lubasha,
akazamisha mkono hadi kiwiko katikati ya robota,
akautoa, akautazama:
"Limelowa. Rudisha."
Baba alimwita mwizi mpaka anaingia kaburini.

Hela ilinifikia Ipuli ndani ya bahasha, uchi.
Nikaamua kuipima mwenyewe, siku saba,
bila kusoma nilichoandika jana.
Jumatatu: hamsini na nane.
Jumatano umeme umekatika, nina kibatari: arobaini na tano.
Ijumaa pensheni imeingia: sitini na moja!
Nilicheka peke yangu, nikafunga daftari.

Jumapili, jua la saa moja likiingia ubavuni,
nikaiona michirizi.
Myembamba, yote imeelekea upande mmoja
kama uwanja uliofagiliwa alfajiri.
Mama. Kila mkesha wa Idi,
majivu na ndimu na kitambaa cha kanga kuukuu,
anaisugua huku akisema
hela isiyong'aa haimjui mwenyewe.

Kwa hiyo wale wasioyumba hawakuyumba
kwa kuwa hawakuona, mara mbili hawakuona,
na wale waliojikana
waliinama tena.

Na ndoo.
Usiku wa kuamkia soko la Usoke
baba alichovya ufagio, akanyunyiza, akafunga,
uzito upande kidogo.
Ndoo niliishika mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, maji yalikuwa baridi,
nikaambiwa nisikohoe.

Nkwabi ananiuliza tuipeleke wapi sasa.
Anasema wale wa pili wanatupa hamsini na nane
tukienda hata mara kumi.
Najua, mwanangu.
Simu iko mkononi, salio lipo,
na nje mtu anapita na baiskeli anauza asali,
anaapa kwamba hajaichanganya na kitu.