Kimya cha Sekunde Thelathini

Mabela, mwezi wa saba, saa tisa mchana.
Haitham anasema: zimeni kiyoyozi.
Ndivyo sinema inavyoanza kwetu,
si kwa taa, si kwa kamera,
ila kwa mtu kuinuka na kuukata ubaridi
ili sauti isikike.

Tuko saba klabuni. Wanane kwenye karatasi,
lakini Mundhir kaoa, hatumwoni tena.
Kila Jumatano usiku, nyuma ya duka
la kutengenezea friji la babaake Shinuna,
tunakalia makompresa mabovu
tukigombania filamu za dakika nne
kama watu wanaogombania mirathi.

Mie wa sauti.
Nashika fimbo ndefu, maikrofoni kichwani
imevishwa manyoya kama paka aliyelowa.
Fimbo yenyewe ni ya kuondolea utando wa buibui.
Mama anaitafuta hadi leo.

Kisa chetu: mama mtu mzima anangoja simu.
Basi.
Haitham kakiandika kwa Kiarabu fasaha,
kile cha taarifa ya habari,
maana kuna mashindano Nizwa na majaji hawana mzaha.
Na huyo mama ni shangazi yangu, Bi Thuwaiba,
aliyekubali kwa sharti moja,
kikombe kiwe na chai ya kweli.
"Sinywi hewa mbele za watu."

Mara ya kwanza kasahau maneno.
Mara ya pili simu ikalia kweli: muuza maji.
Mara ya tano maneno kayapata yote,
moja moja, kama mtoto anayevuka barabara,
ila wanja umeanza kushuka.
Nje nyuzi arubaini na sita.
Ndani hatukupima.

Mara ya tisa akakiweka kikombe chini,
akamtazama Haitham, si kamera, Haitham,
na Kiswahili kikamtoka kizima kizima:
"Mwanangu, mtu anayengoja simu hasemi.
Anakunja nguo."

Akalivuta kapu lililokuwa nyuma ya kochi,
tulilolificha sisi wenyewe lisionekane,
akatoa kanzu ya mwanawe
aliyekwenda Doha mwaka juzi na kuiacha.
Akaikunja. Akaikunjua. Akanyoosha kola kwa kiganja.
Akaikunja tena.
Hakuna aliyesema kata.

Kazi ya mwisho watazamaji hawaijui.
Mtu wa sauti huomba kimya cha chumba:
sekunde thelathini, wote mliomo, msitikisike.
Kila chumba kina kimya chake,
huwezi kuazima cha jirani.
Ukiliondoa neno, tundu lake unalitia kiraka
kwa kitambaa kilekile.

Nikaziba masikio kwa hedifoni, nikasikia
friji jikoni ikimeza mate,
tumbo la Shinuna (alikuwa hajala),
bangili za Bi Thuwaiba zikitulia,
moja, halafu nyingine, halafu ile nyembamba,
na pumzi yake, ndefu kuliko zetu,
ikisita kila ilipofika mwisho
kama mtu aliyesikia hodi.

Nizwa hawakutupa kitu.
Karatasi ya shukrani tu, jina la klabu limekosewa.
Picha mbovu zote Haitham kazifuta, nafasi ilijaa.
Kimya sikukifuta. Kimo simuni mwangu,
kimeandikwa: Mabela, sebuleni, msiguse.

Tukaionyesha dukani, juu ya shuka,
viti kumi na tisa, vingi vya kuazima.
Bi Thuwaiba alikaa mbele, mkono mdomoni,
dakika nne zote.
Taa zikawashwa. Tukamgeukia.
"Pazia limekaa upande," akasema,
"na hata mmoja hakuniambia."

Watu wakacheka, sambusa zikapita.
Ndipo aliponivuta kando, karibu na friji
zinazongoja gesi,
akanong'ona bila kunitazama:
"Hii kitu, Doha inafika?"