Usizime

Kacper aliileta imefungwa ndani ya sweta,
theluji ya Łódź ikimyeyukia mabegani.
"Sikufanya kitu," alisema.
Wote hawafanyi kitu.

Mashine ya midundo, vitufe kumi na sita,
kimoja kimelika kwa kidole kile kile.
Skrini imeganda: asilimia sitini na mbili,
na chini yake neno moja tu, USIZIME.

Nikaizima.
Kilichokwama hakijui tena kinaomba nini.

Nikabana vitufe viwili vya pembeni,
nikachomeka plagi, nikahesabu hadi tano
polepole, kama mama alivyonihesabisha ngazi.
Taa nyekundu. Taa nyekundu. Hitilafu kumi na nne.
Kitabu cha maelekezo kinaishia kumi na tatu.

Nikapakua programu upya, nikabadili kompyuta,
nikabadili tundu,
nikafungua mgongo kwa bisibisi nyembamba kama njiti,
nikapuliza vumbi, nikanusa:
hakuna kilichoungua.
Chai ikapoa na limau lake.

Saa tisa usiku ndipo nikautazama waya wenyewe.
Mweupe, laini, wa kuchajia simu ya mtu.
Waya wa kulisha, si waya wa kusema;
umeme unapita, neno halipiti.
Saa tano nzima namhoji mgonjwa,
kumbe mkalimani ndiye bubu.

Waya mwingine, mnene, wa printa iliyokufa zamani.
Asilimia moja. Tisa. Ishirini.
Hapo Kacper akaanza kunisimulia, bila kuulizwa,
habari za Bi Jadwiga wa ghorofa ya chini,
pasi yake, mashuka yake,
na fyuzi ya nyumba nzima.
Sitini na moja.
Sitini na mbili.
Akanishika mkono.
Sitini na tatu. Akauachia, akaona haya.

Mia.
Ikawaka safi, tupu kabisa,
kama chumba kilichohamwa.
"Ulihifadhi nakala?"
Akageukia dirishani. Tramu ya kwanza ilikuwa ikipita
na taa zake zote, bila abiria.

Miezi kumi na moja ya midundo.

Kisha kidole, kile kile, kikaanza kugonga meza:
ta, ta-ta, kimya, ta.
"Sivyo," akasema. Akarudia.
"Sivyo."
Nikaliendea birika la umeme, mkono ukafika swichini,
nikasita,
ingawa hakukuwa tena na cha kupoteza.