Mchoro wa Swali la Saba

Saa nne usiku stima imerudi Webuye
nami nimerudi kwenye chanzo:
mistari ya amri, mabano yanayofunguka na kufungwa,
na katikati yake jina tu la picha,
duara-saba,
maana picha yenyewe haikai humu.
Hukaa chumba cha pili, kwenye folda yake,
kama mgeni aliyewekewa kiti
lakini hajaitwa mezani.

Kugeuza chanzo kuwa PDF ni kumwaga zege.
Kabla halijaganda utasogeza utakacho,
pambizo, herufi, mshale wa pembe.
Likishaganda, limeganda,
na ulichosahau kutia ndani
utakifuata kwa nyundo.

Mwaka jana nilisahau.
Nilibadili jina la duara,
herufi moja tu, ndogo ikawa kubwa.
Mashine ilinionya, nakiri:
mstari mmoja kati ya mia mbili
ukapita kama jirani anayekohoa ng'ambo ya ukuta.
Nikachapisha. Nikalala.

Asubuhi, Kidato cha Tatu, vichwa arubaini na kimoja
vikainamia swali la saba:
Katika mchoro ulio hapa chini, O ni kitovu cha duara.
Tafuta pembe ABC.
Hapo chini palikuwa na kisanduku.
Ndani ya kisanduku, weupe.

Wengi waliruka.
Simiyu aliandika digrii tisini, kwa imani.
Mwingine aliandika "sioni", akapigia mstari.
Nanjala, ambaye mamake hushona sare karibu na stendi,
hakunyosha mkono kuuliza.
Alichomeka mguu wa bikari kwenye weupe wangu,
akazungusha duara lake mwenyewe,
akaliwekea A na B na C alipopenda,
akaamua pembe ya kitovuni iwe mia moja na kumi na sita,
akathibitisha, hatua kwa hatua, bila kuruka,
kwamba ile ya ukingoni ni hamsini na nane.
Kisha kwa penseli, pembeni:
Mwalimu, nimekuchorea. Ukiipata yako tulinganishe.

Mwongozo wangu ulisema sitini na nne.
Nilimpa alama zote nne,
na Masengeli wa idara hakunisalimu hadi Alhamisi.

Baba alikuwa mtu wa kiwanda, zamu ya usiku,
siku zile upepo wa mji huu ulipokuwa ukinuka yai viza
na watu wakisema, acha unuke, huo ni mshahara.
Karatasi, alisema, ni uji wa mti
uliofundishwa kulala chali.
Mitambo ilipozimwa alirudi na rimu moja.
Ipo juu ya kabati mpaka leo, haijafunguliwa.
Huniuliza: hizo kurasa zako za ndani ya kioo,
nani huzikata kingo?
Sijapata la kumjibu.

Usiku huu duara-saba ni la Nanjala.
Nililipiga picha kwa simu, nikamwomba ruhusa.
Akasema: basi nyoosha hapo bikari iliponiteleza.
Nikakataa.
Liko kwenye folda, jina nimelisoma kwa sauti,
kwa ajili ya wanaoingia Kidato cha Tatu nyuma yake.

Naendesha mara ya kwanza. Ukurasa unatoka na mashaka:
"tazama mchoro ??"
Ndivyo ulivyo, haujui bado kilicho mbele yake.
Naendesha tena.
Sasa unakumbuka. Fonti zimepachikwa, picha imepachikwa,
kilobaiti mia tatu na kumi,
haliombi tena folda wala mimi
faili hili, hata likifunguliwa Kimilili au mwezini.

Nasoma maonyo yote mia mbili, moja moja.
Kisha nafungua ukurasa wa tatu.
Duara lipo, na kigugumizi chake upande wa kulia.
Nafunga.
Nafungua tena kuhakikisha.