Paa la Kitambaa

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Uyole,
umande bado haujaachia majani,
maana Gwakisa aliniambia: gari kuukuu
likutwe limelala. Lisionywe.
Nikaweka kiganja juu ya boneti.
Ilikuwa na joto la mkate.
"Umeliamsha, Tweve," nikasema.
Akacheka, akatazama viatu vyake.

Gari lenyewe dogo, kijani cha jani la chai,
Mjapani wa mwaka tisini na saba,
limejibana chini kama kuku aliyeatamia.
Viti viwili tu, na nyuma
nafasi ya kanga mbili na pea moja ya viatu.
Milioni saba na nusu, alisema.
Mkobani nilikuwa na tano na laki mbili:
sare za shule za miaka mitatu,
magauni ya kipaimara, suti ya bwana harusi
aliyekimbia akaniachia malipo ya awali.

Wenzangu wa kikoba walikwisha kunihukumu.
"Tusekile, msiba ukitokea Rungwe tutapanda wapi?"
"Gunia la viazi utalikalisha wapi?"
"Na mvua hii yetu, dada, mvua isiyojua kalenda?"
Sikuwajibu. Ningesema nini?
Kwamba nilikuwa na miaka tisa, pale Kiwira,
sinia la ndizi kichwani,
likapita gari lisilo na paa, polepole,
mwanamke akiendesha, na mtandio wake
ukimfuata nyuma kama mtoto anayelilia kubebwa?
Hakununua hata ndizi moja.
Nimemkumbuka miaka arobaini na moja.

Gwakisa akaingia chini na tochi ya simu.
Sauti ikatoka uvunguni: kutu hapa,
bushi zimekwisha, ila injini ni nzima.
Mimi injini siijui. Mimi najua nguo.
Nikapandisha paa, nikalipapasa
kama ninavyopapasa mshono wa fundi mwingine,
na pale juu ya kiti cha abiria
vidole vikakuta kiraka: kitambaa cha mwavuli
kilichoshonwa kwa uzi wa gunia,
kazi ya mtu mwenye haraka, au mwenye aibu.
Kioo cha nyuma, cha plastiki,
kimeota mtoto wa jicho.
Nikabonyeza zulia. Likatoa maji.
"Tweve," nikamwambia, "hili si gari, ni karai."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine.
Akaapa kwa mama yake aliyeko Makete.
"Mama yako nimemshonea mimi," nikasema,
"na yeye hulipa nusu."
Milioni nne na laki tisa.
Laki tatu zilizobaki ni za bushi,
na turubai, na uzi wa nailoni.

Wiki mbili lilikaa nje ya kibanda changu Mwanjelwa,
limevuliwa kofia, watoto wakilichungulia.
Nilishona usiku. Cherehani ililalamika,
sindano sita zikakatika.
Kwa ndani nikatia kitenge cha njano
ambacho hakuna atakayekiona
ila aliyekaa humo akainua macho.

Jumapili nikapandisha Isyonje, paa chini,
sweta mbili, soksi mikononi.
Ukungu uliingia bila hodi
ukakalia kiti cha pili.
Wauza viazi wakaja mbio na ndoo zao.
Mmoja akauliza, "Mama, limeharibika?"
Hapana, nikasema, ndivyo lilivyo.
Akalizunguka lote, taratibu.
"Sasa mvua ikija unajificha wapi?"

Nikanunua ndoo moja, nikaifunga mkanda.
Kona ya pili mvua ikanikuta.
Sikusimama papo hapo.
Nilitaka kwanza inijue.
Kisha nikaegesha, nikalivuta paa, nikakaa
chini ya mishono yangu, nimetega sikio.

Palivuja mahali pamoja tu,
juu ya viazi.
Nikatoa chaki mkobani, nikapawekea alama.